Kijiko cha Mama

Mlio ulianza mchana kweupe, kwenye tangi la kioo pale sebuleni: ko, ko, ko. Fundi saa aliinua kichwa. Visamaki vyake vyenye vichwa vya farasi hudonoa uduvi kwa mlio kama huo, lakini uduvi ulikuwa umetuama chini, haujaguswa.

Jamani, huyu bwana alivipenda visamaki vile kupita kiasi. Chakula hakikai mwilini mwavyo, alikuwa akisema, usipovilisha kila mara vinakufa. Basi akivilisha kimoja kimoja kwa mrija, huku mama yake, aliyepooza na kupoteza sauti, akigonga kikombe kwa kijiko chumba cha pili. Njaa hiyo. "Nakuja, mama," angejibu. Akifika, uji umepoa, mama kasinzia. Siku moja hakuamka. Dada yake fundi saa, aliyekuwa mbali, aliwahi kuusikia ule mlio kwenye simu, akaambiwa mama anajichezea tu. Baada ya mazishi akaambiwa mama alikataa kula. Akaamini, maskini.

Sasa dada alikuwa amekuja kukaa naye, na mlio haukomi, na nyumba inanuka uji ulioungua ilhali jiko halijawashwa. Dada akamleta mganga. Mganga aliweka sikio kwenye kioo.

"Kuna anayeomba chakula," alinong'ona. "Aliyemnyima akiri, naye mwombaji ataondoka."

Dada alimgeukia mdogo wake, na fundi saa akaliona akilini lile bakuli la uji lenye utando juu, akauona mkono mkavu wa mama ukishika kijiko, ukweli ukamfika kabisa kwenye ncha ya ulimi, akayatazama macho ya dada yake yaliyomwamini, akashindwa.

"Mama alikataa mwenyewe."

Tangi likanyamaza. Kwa visamaki hivyo dume ndiye hubeba mimba, na dume aliyekuwa amevimba tumbo sasa alikuwa bapa, wala majini hakukuwa na kitoto hata kimoja. Mganga aliondoka bila kuaga.

Dada alipumua, akampakulia chakula. Fundi saa akala, akaongezwa, akala tena, na asishibe. Kisha mlio ukasikika, chini ya shati lake: ko, ko, ko.

Dada aliweka sahani chini taratibu.

"Mlio huu niliusikia kwenye simu," alisema. "Mama alikuwa na njaa?"

Fundi saa alifungua mdomo akane. Tumbo likawahi kujibu.