Mstari wa Nyuma wa Baba

Kila asubuhi, kabla hatujafungua studio, mama huwasha simu na kumsikiliza baba. Baba alifariki miaka mitatu iliyopita. Aliacha sauti tatu fupi, alizomtumia mama akiwa wodini. Katika moja anauliza ufunguo wa chumba cha giza cha kusafishia picha uko wapi. Katika nyingine anacheka tu. Mama amezihifadhi zote kichwani, lakini bado anasikiliza. Mimi hujifanya napanga fremu ili asinione nikifuta machozi.

Studio yetu ya picha ni ndogo. Ina pazia la bluu, stuli moja na kioo cha wateja kuchania nywele. Juu ya mlango baba aliandika kwa rangi nyekundu: TARATIBU STUDIO. Taratibu ndilo jina alilopewa na wenzake wa drafti, kwa sababu aliweza kushika kete moja mpaka chai ya mwenzake ipoe.

Tulimpenda mno, na ndiyo maana tulikosea. Neno la siri la simu, la barua pepe na la kompyuta lilikuwa moja tu: Taratibu. Mama alisema kila akiliandika anajiona kama anamwita.

Mwezi uliopita, mshona viatu wa duka la jirani aliingia kwetu ameshika kichwa. Mtu asiyemjua alikuwa ameingia kwenye barua pepe yake, akabadilisha neno la siri na kumfungia nje. Picha zote za wanawe tangu walipozaliwa zilikuwa humo. Mama akaketi kwenye stuli ya wateja. Sauti za baba nazo zilihifadhiwa kwenye barua pepe yetu.

Nikamwita fundi simu, ambaye alicheza drafti na baba kwa miaka ishirini. Hakugusa simu kwanza. Aliomba ubao wa drafti. Ulikuwa bado chini ya kaunta, na vizibo vya soda, ndizo kete zake, vilikuwa ndani ya kopo la filamu. Akavipanga polepole.

"Shemeji, unakumbuka nilivyokuwa nafungwa?"

"Kila siku," mama akasema. "Na kila siku ulisingizia mwanga."

Fundi akacheka. Kisha akatueleza kwamba baba hakuwa na haraka ya kula kete. Kabla ya kucheza alijiuliza: huyu mwenzangu anataka kupita wapi? Na kete za mstari wa nyuma hakuzitoa ovyo. Mpinzani akifika pale anapata kingi, na kingi huzunguka ubao anavyotaka.

"Barua pepe ndiyo mstari wenu wa nyuma," akasema. "Mwizi akiipata, ataomba maneno mapya ya siri ya vitu vingine vyote, na yote yatatumwa hukohuko. Nanyi neno lenu mmeliandika juu ya mlango, tena kwa rangi nyekundu."

Niliona aibu. Mama akasema kwa sauti ya chini, "Nikilibadilisha, naona kama namfuta."

"Jina libaki mlangoni, shemeji. Lakini yeye mwenyewe angeacha mstari wa nyuma wazi?"

Mama akatikisa kichwa.

Tukaanza kazi siku hiyohiyo. Barua pepe ikapata neno refu la siri, lililoungwa kwa maneno manne yasiyohusiana. Mama aliyachagua mwenyewe, na hata mimi sikuambiwa. Simu na kompyuta zikapata yao, tofauti kabisa. Fundi akawasha na kinga ya pili. Mtu akitaka kuingia kwa kifaa kipya, au kubadilisha neno la siri, namba fupi hutumwa kwenye simu ya mama. Bila namba hiyo hapiti.

"Namba hiyo usimpe mtu," akaonya, "hata akisema yeye ni mimi."

Hapo mama akakumbuka jambo la zamani. Mwaka mmoja mvua iliingia studio ikaharibu filamu zote. Baba alilia kama mtoto. Tangu hapo kila picha muhimu aliitolea nakala mbili, na moja ikakaa kwa shangazi. Shangazi alilalamika kwamba kabati lake limejaa harusi za watu asiowajua. Basi tukanakili sauti za baba kwenye flashi, nikampelekea. Akaiweka katikati ya harusi hizo.

Wiki mbili baadaye, tukiwa na mteja, simu ya mama ikalia. Ulikuwa ujumbe wenye ile namba fupi. Kuna mtu alikuwa anajaribu kubadilisha neno letu la siri. Papo hapo mwanamume mmoja mpole akapiga. Alisema anatoka kampuni ya simu, na anaomba namba hiyo ili akaunti yetu isifungwe. Zamani mama angempa, na kumshukuru juu yake. Safari hii aliweka mkono juu ya kaunta, akatulia muda mrefu, kama baba alivyokuwa akitulia.

"Mwanangu," akamwambia, "hapa hupati kingi."

Akakata simu. Akamwomba radhi mteja, akafungua ile sauti ya baba, na kicheko chake kikajaa studio nzima. Mteja naye akacheka pale kwenye stuli, bila kujua anacheka na nani. Nikampiga picha hivyo hivyo.