Sauti Nyuma ya Hanang

Mnadani Katesh, msimu wa kuvuna ngano mwaka 1988, Tadeo alirudi kinyumenyume akiutazama mlima Hanang, akamkanyaga msichana mwenye gauni la njano na bangili za shaba.

"Mlima haukimbii, kaka. Tazama watu!"

Alikuwa Angela, binti wa mfugaji Gidabuday. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za redio katika shamba jipya la serikali huko Gitting, nyuma ya mlima. Tadeo, mhandisi kijana kutoka Bashay, alikuwa ametumwa kutafuta mahali ambapo mawimbi ya redio ya Katesh yangefika nyuma ya mlima. Asipopapata kabla ya mavuno kwisha, kituo cha redio cha shamba kingefungwa na Angela angehamishiwa Arusha.

Jumamosi tatu walikutana mnadani. Ya nne Tadeo hakutokea. Angela akamfuata ofisini.

"Umenichoka?"

"Nahesabu."

"Kipi hicho kinachonizidi?"

"Nimeugawa mlima vipande elfu mbili, mpenzi. Wimbi likigonga kimoja, hicho kinalirusha kwa vingine vyote. Jozi milioni nne! Kompyuta imeshindwa."

"Msomi mzima! Baba ana ng'ombe mia tatu. Wa karibu anamtazama mmoja mmoja. Wa mbali anatazama kundi. Nani anachambua pembe za ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde?"

Akaondoka bila kuaga.

Tadeo alivuta karatasi nyingine. Kisha akapanga upya: vipande jirani kimoja kimoja, vya mbali kwa makundi. Jozi milioni nne zikawa laki mbili. Siku ya tatu kompyuta ikatoa jibu. Mlima uleule uliozuia mawimbi ulikuwa unayapinda kileleni na ubavuni, nayo yalikutana tena juu ya kilima kimoja kidogo, mita mia nne kutoka shambani. Mafundi walisimika antena hapo siku ya mwisho ya mavuno.

"Gitting, Gitting, hapa Katesh. Ova."

Mikwaruzo. Tadeo akasogeza sikio kwenye redio.

"Katesh, nakusikia." Sauti ya Angela ilitulia. "Tadeo, nasikia hata unavyopumua. Ova."

Kati yao kulikuwa na mlima wa mita elfu tatu na mia nne. Tadeo alijua kila tarakimu iliyoileta sauti ile, lakini alipobonyeza kitufe hakutaja hata moja.

"Angela, usiende Arusha. Nataka kukuoa. Ova."

"Wewe! Mashamba yote yanasikia!" Akacheka. "Jumapili njoo kwa baba. Anza na shikamoo. Mengine nilishamwambia mwezi uliopita. Ova."