Dumu la Njano na Gari la Baba Precious

Kila asubuhi, Milembe alipokuwa anafagia uwanja wa kwao mjini Bariadi, gari la jirani lilikuwa linakataa kuwaka.

Lilikuwa gari kubwa la familia, la dizeli, lenye safu tatu za siti. Ukizungusha ufunguo, taa ndogo yenye umbo la springi inawaka kwenye dashibodi, na lazima usubiri izime ndipo upige stata. Mwenye gari, mzee Mashimba, baba yake Precious, alikuwa anapima pamba kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima, na kusubiri hakukuwa kipaji chake. Alipiga stata, gari likakohoa. Akapiga tena, likatoa moshi wa kutosha kukausha samaki wote wa Lamadi, kule ziwani. Siku nyingine lilikubali mara ya nne. Siku nyingine majirani waliitwa kusukuma, mmoja na kanga kiunoni, mwingine na mswaki mdomoni. Watoto wa mtaa wakalipa jina la Bibi Harusi, kwa sababu halikutoka nje bila kubembelezwa na watu wengi.

Milembe alilicheka kuliko wote. Lakini likishawaka, kicheko kilimwishia. Precious alipanda nyuma, akalaza siti, akapandisha kioo, wakaondoka. Kwa miaka minne wasichana hao wawili walikuwa wanatembea pamoja kwenda shule. Sasa Precious alipanda gari, na Milembe alimeza vumbi lake. Kwao kulikuwa na baiskeli ya baba yake, Luhende, na siti ya abiria ilikuwa keria iliyofungwa kipande cha gunia.

Mwanzoni wivu wake ulikuwa na adabu. Ulikuja asubuhi, ukaondoka kengele ya shule ilipolia. Baadaye ukazoea, ukawa unakaa naye mpaka chakula cha jioni.

Siku moja, wakati wa mapumziko, Precious aliwaambia wenzao darasani, "Ile siti ukiilaza, halafu kiyoyozi kikawashwa, unalala mpaka Lamadi. Unaamshwa kula samaki tu."

"Kama limewaka," Milembe akasema.

Darasa likacheka. Precious hakukawia. "Linalogoma ni afadhali. La baba yako likipanda mlima, abiria anashuka."

Darasa likacheka zaidi. Kicheko kile Milembe alikibeba mpaka nyumbani, akala nacho ugali.

Ijumaa jioni mzee Mashimba alifika kwao Milembe.

"Mwadila, baba Milembe," akasalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila. Karibu."

"Sikai. Nina shida ya dumu. Kesho ndiyo ile safari, na mshale wa mafuta kwenye gari langu ni mwongo, unaniambia nusu tanki wakati tanki limekauka. Nataka kubeba dizeli ya akiba."

Luhende akageuka. "Milembe, mletee baba yako lile dumu la njano. Limwage vizuri, lina maji ya shambani."

Milembe akaenda nyuma ya nyumba. Kweli, maji yalikuwa yamebaki chini ya dumu, kama vikombe viwili. Akalichukua, akaliinamisha. Wakati huohuo akamsikia Precious upande wa pili wa ua akiimba, "Kesho safari, kesho safari," kwa sauti ya mtu anayetaka majirani wasikie.

Lamadi, Milembe akawaza. Wanaenda kula samaki.

Akalisimamisha dumu bila kumwaga hata tone. Akafunga kifuniko, akalifuta nje kwa kitambaa mpaka likang'aa, akalipeleka.

"Limekauka?" mzee Mashimba akauliza.

"Limekauka."

"Wabeja, mayu," akamshukuru kwa Kisukuma, akimwita mama.

Alilala vizuri usiku huo, akilifikiria gari limesimama kando ya barabara na Precious amekaa juu ya jiwe.

Asubuhi mama yake alimwamsha mapema. Alikuwa ameshika mto na shuka jipya. Baba yake alikuwa amevaa shati la kanisani.

"Vaa haraka," Luhende akasema. "Baba Precious anatupeleka Malampaka kumchukua bibi yako."

Milembe akasimama na kiatu kimoja mkononi. Bibi Ng'washi alikuwa amevunjika nyonga tangu mwezi wa pili, akawa anauguzwa kwa shangazi huko Malampaka. Daktari alishasema aletwe Bariadi, awe anafanyishwa mazoezi ya mguu kila wiki. Lakini kila alipojaribu kukaa kwenye siti ngumu ya basi, maumivu yalimtoa machozi.

"Mbona hamkuniambia?"

"Ningekuambia, halafu Bibi Harusi agome, ungelia. Nilimwomba Mashimba mwezi mzima uliopita. Akasema siti zake zinalala kama kitanda, bibi hatasikia hata shimo."

Dizeli ilikuwa imeshajazwa. Dumu la njano lilikaa nyuma kabisa, limefungwa kamba. Mbele yake kulikuwa na safu ya tatu ya siti, na hapo ndipo Milembe na Precious walipokaa.

Siti ilikuwa laini kuliko alivyowahi kuota. Ilimpokea mgongo, ikampokea na shingo. Milembe akakaa wima juu yake kama mtu anayepigwa picha ya paspoti.

"Ukivuta hapo pembeni inalala," Precious akasema. Hakusema kwa maringo.

"Nipo sawa."

Gari liliwaka mara ya pili, likashika barabara ya Maswa. Kila lilipokata kona, Milembe alisikia dumu likicheza nyuma ya kichwa chake. Akajiambia, nitasema tukifika Maswa. Maswa ikaja, ikapita, mzee Mashimba akisimulia jinsi wakulima wengine wanavyolaza pamba nje usiku ili ilowe umande na kuongeza uzito kwenye mzani. "Wanadhani siwajui," akasema. "Nikishika tu, najua maji yameingia." Luhende akacheka. Milembe akatazama dirishani. Akajiambia, labda hatalitumia hilo dumu.

Malampaka, karibu na stesheni ya treni, mzee Mashimba akasimamisha gari. Akafungua kamba, akaweka faneli kwenye tanki, akaliinua dumu. Milembe akashuka mbio, akafungua mdomo.

"Unataka nini?" Luhende akamuuliza.

Akamtazama baba yake, akamtazama Precious. "Maji," akasema.

Baba yake akampa chupa. Dizeli yote ikaingia kwenye tanki, pamoja na kile alichokijua yeye peke yake.

Bibi Ng'washi akabebwa kwa kiti mpaka kwenye gari. Walimlaza siti ya katikati, mto chini ya nyonga, shuka juu ya miguu. Akapapasa siti kwa kiganja. "Mashimba," akasema, "hiki ni kitanda umekifungia matairi." Akafumba macho, akatabasamu. Hakuwa ametabasamu hivyo tangu aumie.

Tabasamu lilidumu nusu saa. Gari likaanza kushtuka, likaenda kwa kuruka, likapoteza nguvu, likazima. Pande zote kulikuwa na mashamba ya pamba iliyokwisha kuvunwa, na hakukuwa na kivuli hata cha kuficha mkono. Kiyoyozi kikafa pamoja na injini.

"Limeanza mambo yake," mzee Mashimba akasema, akafungua boneti. Akatingisha waya za betri. Akapiga stata mara sita. "Itakuwa pampu. Nimekuwa naiwazia muda mrefu. Ikiwa pampu, hapa hatutoki leo."

"Tulisimamishe basi," Luhende akasema kwa sauti ya chini. "Mama hawezi kukaa kwenye joto hili."

"Atakaaje kwenye basi?"

Bibi alisikia. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye mashavu. "Nitapanda," akasema. "Nishikeni vizuri tu." Lakini mkono wake uliikamata siti kama mtu anayeogopa kuanguka.

Hakuna aliyemtazama Milembe. Gari lile lilikuwa na sifa mbaya tayari, na lawama zote zilikuwa zinalielekea lenyewe. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua, milele. Kwa mbali basi likaonekana, vumbi likiwa nyuma yake, na Luhende akaanza kutembea kuelekea katikati ya barabara.

"Si pampu," Milembe akasema. "Ni maji. Yalikuwa kwenye dumu. Sikuyamwaga."

Mzee Mashimba akainua kichwa kutoka kwenye boneti. "Ulisahau?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. "Sikusahau. Niliyaacha makusudi. Nilitaka mkwame. Nilidhani mnaenda Lamadi."

Basi likapita. Precious alikuwa anamtazama kana kwamba hamjui. Kisha mzee Mashimba akanyoosha mkono. "Nipe hiyo chupa."

Akamwaga chini maji ya kunywa yaliyobaki, akaiweka chupa chini ya filta ya dizeli, akalegeza skrubu. Kikatoka kimiminika, kikatulia ndani ya chupa. Juu dizeli ya manjano, chini maji, yamejitenga kabisa. Akamwaga mara tatu. Kisha akabonyeza pampu ndogo ya mkono juu ya filta, akabonyeza mpaka ikawa ngumu. Stata ya kwanza ikakataa. Ya pili gari likakohoa, likawaka, na upepo wa baridi ukamrudia bibi usoni.

Walisimama mara mbili zaidi kumwaga maji mpaka wakafika Maswa, kwa fundi, ambaye alifungua tanki na kulisafisha. Bibi alilala kwenye siti, milango wazi, ndani ya kivuli cha gereji. Mzee Mashimba akamwita Milembe pembeni.

"Kasoro za gari hili nazijua zote," akasema. "Leo ningefungua pampu nzima na kuilaumu bure, na bibi yako angepanda basi akilia. Umesema, umetuokoa. Lakini ungesema jana, kusingekuwa na wa kuokolewa. Kutamani siti ya mwenzako si kosa. Mimi mwenyewe natamani gari la bosi wangu. Kosa linaanza pale unapotaka mwenzako aikose. Hapo huangalii tena kitu, unaangalia tu nani aumie, na huwezi kuchagua atakayeumia."

"Nisamehe, baba."

"Mimi nimesamehe. Aliyeaibishwa na gari kila siku si mimi."

Milembe akamgeukia Precious, aliyekuwa amekaa kwenye tairi kuukuu.

"Nilikuonea wivu," akasema. "Samahani."

Precious akachora chini kwa kijiti. "Kila siku mlinicheka nikisukumwa," akasema. "Wewe ulicheka zaidi. Ndiyo maana nilikuwa nasema vile." Akakivunja kijiti. "Bado nimekasirika."

"Najua."

Walifika Bariadi jua likizama. Bibi akashushwa taratibu, akalazwa, akasema hakusikia hata shimo moja. Luhende akamshika binti yake begani.

"Fundi nitamlipa mimi, na wewe utanisaidia shambani likizo yote. Hilo ni la kesho. La leo ni mama yake Precious. Alikubali gari lao litoke kwa ajili ya bibi yako, na hajui lililotokea. Atalisikia kwako, si kwangu. Aliyefanya ndiye anayesema."

Milembe akatazama mlango wa jirani. Taa ilikuwa inawaka ndani. Akajifuta mikono kwenye sketi, akaenda peke yake, akabisha hodi.