Chumvi Katika Barafu

Saa nne asubuhi Joost, mgeni kutoka Uholanzi aliyekuwa akivua juu ya ziwa lililoganda, aliinuka kwenye kikalio chake anyooshe miguu, akatumbukia majini. Barafu pale ilikuwa utando tu, umefunikwa na theluji ya usiku. Lilikuwa shimo la kushushia wavu chini ya barafu, pana kama mlango, na halikuwa na alama hata moja.

Jalo, kijana wa kutoka kusini aliyewaleta wageni kuvua, alimtupia kamba. Mzee Oiva Pokka, mwenye wavu, alikuja mbio akipiga kelele, wakamvuta pamoja. Mguu ulikuwa umevunjika. Oiva alimvika koti lake, akamnywesha kahawa kutoka kwenye chupa yake. Joost, meno yakigongana, alikunja uso.

"Chumvi?"

"Ndiyo kahawa ya mzee huyu," Jalo alisema, akijaribu kumchangamsha. "Kijiji kizima amebaki yeye tu anayeitia chumvi."

Helikopta ilipoondoka na mgonjwa, watu walimgeukia Eevert, mdogo wake Oiva, sajenti mstaafu wa polisi. Naye alipenda kugeukiwa.

Katika ziwa lile kila shimo la wavu huzungushiwa matawi ya msonobari, yakagandishwa wima. Mtoto mdogo anajua kuyakwepa. Nani basi aliyang'oa? Eevert alifunua ngozi za kulungu kwenye kigari cha Jalo. Chini yake palikuwa na matawi.

"Haya nini, bwana mdogo?"

"Ya wageni kukalia. Barafu inauma makalio, Sajenti."

"Usinichekeshe. Uliona uvivu kwenda msituni, ukang'oa alama za watu."

"Niliyakata msituni jana! Niwatege wageni wangu mwenyewe?"

"Mtu wa kusini atajuaje maana ya tawi?"

Aliyasema hayo ufukweni, kwa sauti ya kazini, watu wote wakisikia. Oiva alikuwa kando yake, kimya. Kabla ya adhuhuri Raili wa dukani alikataa kumuuzia Jalo mkate, na chama cha wavuvi kikaitisha mkutano wa saa nane kumpiga marufuku kupeleka wageni ziwani. Ushahidi ungetolewa na Eevert.

Akarudi shimoni peke yake kuukamilisha. Njiani alichukua tawi moja la Jalo. Lilikuwa bichi, utomvu bado unanata. Matawi ya alama yalisimamishwa mwanzoni mwa baridi. Sasa yangekuwa makavu, ya kahawia. Eevert alianza kukosa raha.

Akapangusa theluji kando ya shimo. Pale matawi yalipokuwa hapakuwa na visiki vilivyovunjika. Palikuwa na vitundu laini, vilivyoyeyushwa kwa kitu cha moto, na barafu pembeni ilikuwa na rangi ya kahawa. Kila mvuvi hubeba kahawa. Akamega kipande, akakiweka ulimini.

Chumvi.

Alibaki amepiga magoti. Ilikuwa kahawa ya mama yao. Yeye aliiacha alipokuwa chuo cha polisi, wenzake walipomcheka, na tangu hapo akawa anasema kwao walitumia sukari siku zote. Teke moja la kiatu lingeifuta ile barafu yote. Alilifikiria teke hilo muda mrefu kuliko ilivyomstahili mtu wa kazi yake. Kisha akachonga bonge, akalitia ndani ya glavu.

Oiva alikuwa kibandani akiparua samaki.

"Kaka, matawi yako yako wapi?"

"Muulize huyo wa kusini. Si umeshamshika?"

Eevert aliweka bonge mezani. "Onja."

Oiva hakuligusa. Kisu kilisimama.

"Mtaimbo wa kuvunjia barafu niliusahau nyumbani," alisema mwishowe. "Nilikuwa na kahawa tu."

"Kwa nini, kaka?"

"Kila nikisimamisha matawi, wanaleta wageni wao palepale. Wanajua penye wavu pana samaki. Yamekuwa kama kibao cha duka! Nikasema niyatoe, mimi napajua kwa kuutazama ule mwamba wa ufukweni. Nilidhani Jumatatu hawaji. Nilipomwona anainuka nilipiga kelele, upepo ukazila."

"Na nilipokuwa namtukana Jalo, ulisimama pale."

"Ulikuwa na uhakika mno, Eevert. Ulinipa mlango, nikapita."

Eevert aliitungua kofia ya kaka yake msumarini, akampa.

Saa nane walisimama wote wawili mbele ya chama, Oiva ameishika kofia mikononi. Eevert alieleza vitundu, utomvu, na kahawa. Alisema aliyetoa alama ni kaka yake, na aliyemsingizia mtu ni yeye mwenyewe. Oiva akaitikia kwa kichwa.

"Ulijuaje kuwa ni chumvi ya kahawa ya Oiva?" Raili aliuliza.

"Ndiyo kahawa niliyolelewa nayo," Eevert alisema. Uso ulimwaka moto. "Sukari ni uongo wangu."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma zaidi. Akamgeukia Jalo. "Nisamehe, bwana Jalo."

Jalo alimtazama.

"Ulinitukana ufukweni, Sajenti. Hapa tuko ndani."

Eevert alivaa kofia, akatoka. Watu walimfuata hadi ufukweni. Akasimama palepale aliposimama asubuhi, akaanza upya kumwomba Jalo msamaha, kwa sauti ileile ya kazini.