Picha ya Mahindi ya Mlangoni

Mama Kufuli hakuwa mtu wa kuamini watu. Ghala lake lilikuwa na kufuli. Banda la kuku nalo lilikuwa na kufuli. Mkwewe, mke wa mwanawe, alikuwa akimtania kwamba iko siku atakifungia hata kisima.

Mwaka huo mafuriko yalivunja daraja, na viwavijeshi wakaingia kwenye mahindi. Bibi shamba, mtaalamu wa kilimo, alikwama ng'ambo. Akatuma ujumbe kwa simu: kila mkulima apige picha ya majani yaliyoliwa, ataje na mahali shamba lilipo. Yeye atamjibu la kufanya.

"Leo picha, kesho mtu anakuja na kamba ya kupimia," Mama Kufuli alisema. "Shamba langu? Ng'o."

Mkwewe alimsihi mpaka akachoka. Mwishowe mama akapiga picha ya mahindi machache ya mlangoni, yale anayoyamwagilia kila siku, akaituma kana kwamba ndilo shamba. Jibu likaja kwamba ni mazima, asipulize dawa. Mama Kufuli akacheka. Alijiona mjanja kweli.

Kumbe viwavi hawana habari na ujanja wa mtu. Siku ya nne alikwenda shambani, akakuta majani yametobolewa, na ndani ya mmea mmejaa kinyesi kama unga wa mbao. Chakula cha mwaka mzima kilikuwa kinaliwa mbele ya macho yake.

Akampigia simu bibi shamba. Hata hapo alitaka kwanza kuhakikisha anaongea na nani.

"Ulipokuja kwangu mara ya mwisho, ulikaa wapi?"

"Juu ya ndoo, mama. Viti ulikuwa umevifungia ndani."

Ni yeye. Mama Kufuli akakiri kwamba ile picha haikuwa ya shamba.

"Siombi hati ya shamba wala namba ya siri," bibi shamba alisema. "Picha zinanionyesha viwavi wamefika wapi, niwaonye walio mbele. Kwa picha yako, niliwaambia watu wa bondeni bado wako salama."

Bondeni ndiko lilikokuwa shamba la mdogo wake. Mama Kufuli aliona aibu mpaka jasho likamtoka. Alimpa mkwe simu apige picha za majani mabovu, yeye mwenyewe akateremka bondeni mbio.

Kwa mdogo wake walikuta mayai tu ya viwavi chini ya majani, wakayaponda. Shambani kwa Mama Kufuli mwenyewe, bibi shamba alimwelekeza kwa simu aokote viwavi asubuhi na mapema. Jioni apulize katikati ya mmea dawa aliyotajiwa, akiwa amefunika pua na mdomo. Mistari mitatu ilikufa. Mingine ikazaa.

Daraja lilipotengenezwa, bibi shamba alikuja. Ghala lilikuwa na kufuli, na banda la kuku pia. Lakini nje palikuwa na kiti, kimeshafutwa vumbi, kinamngoja.