Jino Lililosema Baba Amekula

Ndani ya taya la Mzee Elinami Ulomi, chini ya fizi iliyoshonwa vizuri, wafumaji walikuwa kazini. Ndivyo walivyoitwa vile vijimashine vidogo kuliko chembe ya unga, vilivyomwagwa kuzunguka skrubu ya titani ili viokoteze madini kwenye damu na kufuma mfupa mpya, uzi kwa uzi, mpaka skrubu ishikwe barabara. Juu ya skrubu hiyo lilikaa jinotambuzi, jeupe, zuri kuliko meno yote yaliyobaki mdomoni mwa mzee. Kila alipotia kitu kinywani, lilipima ugumu wake, joto lake na uzito wake, likakisia ni chakula gani, kisha likapeleka habari Moshi mjini, kwenye kioo cha Mhandisi Anande.

Anande ndiye aliyelibuni jino hilo, na Mzee Elinami alikuwa baba yake mzazi.

Alikuwa na sababu nzuri ya kulibuni. Wagonjwa wengi waliopandikizwa meno walijiharibia wenyewe wakiwa nyumbani. Waliambiwa waanze na vyakula laini visivyo vya moto, uji, mtindi, parachichi lililopondwa, halafu mayai na samaki ili kidonda kipate cha kujijengea. Waliambiwa wasinywe kwa mrija, maana kule kunyonya huchomoa damu iliyoganda juu ya kidonda. Wasivute sigara, wasinywe pombe, watafunie upande wa pili. Wote waliitikia vizuri, lakini maumivu yakishapoa tu, mtu anajiona amepona na anaagiza mahindi ya kuchoma. Jinotambuzi halikudanganywa na mtu wa namna hiyo.

Kwa baba yake, Anande alikwenda mbali zaidi. Mzee alikuwa anaishi peke yake Machame tangu mama afariki, kwa hiyo alimwekea jikoni Mlishi, mkono wa chuma unaopika na kulisha kwa kijiko kulingana na ushauri wa jino. Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, alifungua kioo na kusoma. Uji wa ulezi, vuguvugu, umemezwa vizuri. Uji wa ulezi tena, kiasi cha kutosha. Moyo wake ulitulia, akaendelea na kazi.

Ndipo daktari wa kliniki akampigia. Picha za karibuni zilionyesha kwamba wafumaji wamesimama. Skrubu ilikuwa inacheza kwenye mfupa, na isiposhika upesi itabidi ing'olewe. Taya la umri ule, daktari alisema bila kuzunguka, halitastahimili kutobolewa mara ya pili. Mzee atabaki na pengo na chakula cha kuponda maisha yake yote.

Anande alishtuka, lakini hakuchelewa kuanza kudadisi, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Aliwapima wafumaji kwa mbali, akakuta ni wazima kabisa ila hawana cha kufumia. Alilipima jino, nalo lilikuwa zima. Alirudia taarifa zote za mlo tangu siku ya upasuaji, akaona uji na uji na uji, mgonjwa wa mfano ambaye ungemweka kwenye bango. Mtu anayekula hivi alipaswa kunenepa. Kitendawili hicho kilimnyima raha, na Jumamosi mchana akapanda gari la waya linalopita juu ya migomba, akaenda kujionea.

Alipofika uani alisikia watu wakicheka sebuleni. Mlango ulikuwa wazi. Alisimama kizingitini na hakuna aliyemwona kwanza. Baba yake alikuwa kwenye kiti chake, amekonda hadi kola ya shati imemwachia shingo. Pembeni yake alikaa jirani yao, Mzee Lyatuu, na wazee wengine wawili wa mtaani. Mlishi alikuwa amesimama jikoni, amefunikwa kitambaa cha meza, na ilionekana wazi kwamba hajapika kitu kwa muda mrefu. Katikati ya wazee palikuwa na ndoo ya mbege, pombe ya ndizi na ulezi.

Mzee Lyatuu alichota kwa kata na kumpa Mzee Elinami kwa mikono miwili. Haikuwa ulafi. Katika ukoo wao hakuna mbege inayonywewa kabla ya mkubwa kuionja na kuipitisha, na mkubwa pale alikuwa Elinami. Kukataa kata ni kama kuwaambia wenzako kwamba huwaamini. Mzee alionja, akaonja tena kwa kituo, akaipitisha.

Kioo mkononi mwa Anande kikatetemeka. Akakitazama. *Uji wa ulezi, vuguvugu, umemezwa vizuri.*

Alitaka kucheka. Mara moja aliona kosa lilipokuwa, tena lilikuwa kosa lake la kijinga kabisa. Mbege ina ulezi, ni nzito, haina moto, haitafunwi. Maabarani walilifundisha jino kutambua bia, mvinyo na hata gongo, lakini mbege haikumjia mtu akilini, maana wote pale walikuwa watoto wa mlimani, na kwao mbege haikuwa pombe ya kuandikwa kwenye orodha ya hatari. Ilikuwa kitu cha nyumbani. Kumbe kila kata ilikuwa inalewesha kidonda na kuwaacha wafumaji bila cha kufumia.

Kabla hajafungua mdomo, sauti ilitoka kwenye redio ndogo juu ya kabati.

"Hongera baba, umekula vizuri leo. Nimefurahi sana. Nakupenda, baba."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Wazee walinyamaza wote na kusikiliza kwa adabu, kama watu waliozoea. Baba yake alitabasamu, akajifuta mdomo na kumwambia Lyatuu kwa majivuno kwamba huyu mtoto, pamoja na kazi zake zote, hasahau hata siku moja. Kisha akageuza kichwa, akamwona Anande mlangoni, midomo imefumbwa.

Tabasamu lilichukua muda kumtoka. Alitazama redio, akamtazama tena binti yake.

"Shikamoo, baba," Anande alisema, na sauti yake ilitoka ndogo kuliko ile ya kabatini.

"Marahaba. Kumbe siyo wewe uliyekuwa unaongea."

Mzee Lyatuu aliinuka polepole, akasema wacha wamwache mwenye nyumba na mgeni wake, akachukua ndoo yake. Wenzake wakamfuata. Hakuna aliyemwangalia Anande usoni.

Walipobaki wawili, Anande alieleza. Alisema alizirekodi salamu zile zote asubuhi moja kabla ya kikao, na jino ndilo lililozichagua na kuzituma kila mlo ulipokwenda vizuri. Alidhani zitamtia moyo. Aibu ilimpanda hadi masikioni, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kuwa mabaya.

Baba yake alisikiliza mpaka mwisho.

"Uji wa lile limkono nilikunywa mwanzoni," alisema. "Haupiti kooni ukiwa peke yako. Halafu Lyatuu akaja na mbege, nikaonja, na wewe ukaniongelesha papo hapo. Kesho yake vilevile. Nikasema, basi, mwanangu anapenda nikinywa hii. Sikuelewa kwa nini, lakini nikawa nakunywa ili nikusikie."

Anande aliketi sakafuni karibu na miguu yake na kulia. Mzee alimwacha alie, akampapasa kichwa, na baadaye akamwuliza kama hakuna mtu wa kupika humu ndani.

Alipika yeye mwenyewe. Alimenya ndizi, akachemsha nyama mpaka ikalegea, akaviponda pamoja mpaka vikawa mtori laini. Mzee alipouona alinung'unika kwamba hicho ni chakula cha mzazi, na yeye hajajifungua mtoto yeyote. Anande akamjibu kwamba mfupa nao unazaliwa, na mama zetu hawakuwa wajinga walipowalisha wazazi mtori. Alipakua sahani mbili na kula naye, kijiko kwa kijiko, upande mmoja wa mdomo kama yeye. Mzee alimaliza, akaomba tena.

Walikubaliana mbege isubiri hadi skrubu ishike. Kata ataipokea, ataigusisha mdomoni na kuipitisha, na Lyatuu ataelewa. Kisha Anande alitoa kichupa ili achukue tone la mbege lililobaki kwenye kata, alifundishe jino lisirudie kosa.

"Lifundishe kwa ajili ya watu wengine," baba yake alisema. "La kwangu lizime mdomo. Ukitaka habari zangu, mwanangu, niulize."

Alilizima palepale. Wafumaji wangeendelea na kazi yao bila kumwambia mtu.

Jumatatu asubuhi alifungua kioo na kukuta nafasi ya baba yake iko tupu. Alikuwa na kikao. Alizunguka meza mara kadhaa, akajiambia kwamba bila shaka mzee amekula, mayai alimwachia, mtindi alimwachia. Hakuwa na hakika. Tangu siku ya upasuaji hakuwahi kukosa hakika. Akapiga simu. Iliita sana kabla haijapokelewa.

"Shikamoo, baba. Umekula?"

Jinotambuzi lilijua kutaja vyakula chungu nzima, lakini halikuwahi kufundishwa kutaja kinywa kitupu.

"Sijala," Mzee Elinami alisema. "Nilikuwa nasubiri uulize."

Anande alichukua mkoba wake, akamwambia mwenzake wa meza ya pili kwamba kikao kianze bila yeye, akashuka ngazi kuelekea kituo cha magari ya waya, simu ingali sikioni, akimwuliza baba yake mayai ayapike vipi.