Nauli ya Pakiti Moja

"Gari limeshatoka, Bwana Suleiman. Mzigo nimempa kondakta mwenyewe, mkononi."

"Namba za gari?"

Siti akamsomea. Upande wa pili kalamu ikakwaruza karatasi, kisha ikarudi ile sauti nzito, ya mtu asiye na haraka na dunia.

"Na mchele umetia?"

"Nimetia. Safari hii nimeufunga kwenye kitambaa cha bluu."

"Mungu akulipe. Nikiupokea nitakupigia."

Simu ikakatika. Siti akabaki amesimama pembeni ya stendi ya Kilwa Masoko, simu bado iko sikioni, kama mtu aliyeaga mgeni halafu akasahau kuingia ndani.

Huku kwetu mzigo wa basi una adabu zake. Unampigia mtu kumwambia gari limeondoka. Naye anakupigia kuuliza limefika wapi. Akishaupokea anakupigia tena, akuambie haukupasuka. Kwa Siti simu hizo ndizo zilikuwa maongezi yake ya wiki nzima.

Alikuwa mchora hina. Bibi harusi wa Masoko mpaka Kivinje wameingia ndoani na maua yake mikononi. Yeye mwenyewe aliachika zamani. Mume alihamia kwa mke mdogo, talaka akamtuma mpwa wake ailete. Tangu hapo Siti akitamani hina hujichora mkono wa kushoto. Wa kulia nani amchoree?

Maua hayohayo ndiyo aliyoyahamishia kwenye karata. Akazichora karata zake mwenyewe kwenye tableti: mgongoni hina, mbele bibi wa kopa kajitanda ushungi, ghulamu kavaa kofia ya mkono. Kiwanda kimoja cha ng'ambo kilikuwa kinachapa kwa oda. Ukiagiza pakiti moja, wanachapa moja, hawaweki stoo. Uzuri wake ndio huo. Ubaya wake ni nauli, maana kuivusha bahari pakiti moja kulikula fedha nyingi kuliko karata zenyewe. Ikabidi asubiri oda zijae ndipo aagize boksi zima, na boksi likifika Kilwa kila mteja atumiwe chake kwa basi. Wateja wakachoka kusubiri. Wengine wakadai fedha zao. Kilichobaki mkononi kilikuwa cha kununulia vocha.

Mteja asiyechoka alikuwa Suleiman wa kijiji cha Sudi, msimamizi wa mashamba ya chumvi. Alifiwa na mke, hawakujaaliwa mtoto, na alikaa peke yake kwenye kibanda kando ya mabwawa. Aliwahi kumwambia Siti kwamba jioni hugawa karata za watu wawili. Hucheza upande huu, akainuka, akahamia kiti cha pili.

"Na yule wa pili huniibia," alisema.

Ila chumvi ya hewani ilikuwa inazigandisha karata. Aliposema hivyo mara ya kwanza, Siti akabuni kutia mchele kidogo kwenye kitambaa ndani ya boksi, unywe unyevu. Ikawa desturi. Na kila baada ya muda Suleiman aliagiza tena, pakiti moja, nauli juu yake. Siti alijaribu kumhurumia.

"Chukua tano kwa mkupuo, Bwana Suleiman. Nauli utalipa mara moja."

"Sitaki tano."

"Utaokoa fedha."

"Bi Siti, nitumie moja. Ikiharibika nitakwambia."

Siti akacheka, akasema moyoni kwamba huyu ni mbishi tu. Au alijifanya kusema hivyo.

Mdogo wake, Warda, ndiye hakujifanya. Alikuja kumtembelea kutoka Mitwero alikoolewa, akayasikia mazungumzo hayo akiwa anamenya vitunguu.

"Dada, wewe unauza karata au unauza sauti?"

"Adabu, Warda."

"Adabu ninayo. Nauli anazolipa huyo baba wa chumvi, angekuwa keshajenga choo cha tofali."

Kisha akamweleza habari aliyokuja nayo. Kuna wachapaji Dar es Salaam wameanza kuchapa karata kwa oda. Mteja anabonyeza mwenyewe, analipa, wao wanachapa na kumtumia moja kwa moja. Bahari haivukwi, nauli inashuka, na mteja hasubiri boksi lijae. Siti atapata faida yake amelala.

"Na kufunga?" Siti akauliza.

"Hugusi kitu."

"Hata kufunga tu?"

"Dada, huo ndio uzuri wenyewe."

Nani angekataa? Siti akakubali. Warda akaandika ujumbe, akautuma kwa wateja wote kwa pamoja: "Ndugu mteja, kuanzia leo hatutumi tena mizigo kutoka Kilwa. Bonyeza hapa kuagiza. Ahsante kwa kutuamini." Siti aliliona jina la Suleiman likipita katikati ya majina mengine. Angeweza kusema, huyo mwache, huyo nitamwambia mwenyewe. Hakusema.

Jibu likaja: "Nimepokea. Ahsante."

Biashara ikachangamka kweli. Oda zikaingia kutoka Mwanza, kutoka Arusha. Simu ya Siti ikawa inalia fedha tu, hailii mtu. Vile vitambaa vya mchele alivyokuwa kavifunga kabla, kwa ajili ya mizigo ijayo, vilikaa dirishani mpaka vikashika vumbi. Siku moja akavifungua vyote, akaupika. Ulitosha sahani moja.

Mara nyingi alilitafuta jina la Suleiman kwenye simu, akaliangalia, akaizima. Mwanamke aliyeachika, kwenye mji mdogo, anampigia mwanamume asiye na mzigo naye? Amwambie nini? Gari limefika?

Ijumaa moja ikaingia taarifa ya oda: pakiti moja, mnunuzi Suleiman. Basi. Taarifa hizo hazina salamu, wala hazisemi mzigo unakwenda wapi. Siti akampigia mdogo wake.

"Ameagiza."

"Nani?"

"Wa chumvi."

"Si vizuri?"

"Hakunisalimia, Warda. Kumbe zilikuwa karata tu."



"Dada, na nani alianza kumwita mwenzake ndugu mteja?"

Wiki iliyofuata kondakta wa gari la Dar akampigia, ana mzigo wake stendi. Siti hakuwa na mzigo anaoutegemea. Akaenda, akapewa kiboksi chenye muhuri wa wachapaji. Juu kimeandikwa: Mnunuzi, Suleiman, Sudi. Mpokeaji, Bi Siti mchora hina, Kilwa Masoko.

Sasa alikuwa na mzigo. Akapiga palepale.

"Assalamu alaykum, Bwana Suleiman."

"Waalaykumu salaam, Bi Siti."

"Karata zako zimeletwa kwangu. Umekosea anwani."

"Sijakosea."

"Jina langu liko hapa juu."

"Nimeliandika mimi. Hao wa Dar hawajui kutia mchele."

Siti akatafuta benchi, akakaa.

"Kwa hiyo nitie mchele, halafu nikutumie? Ulipe nauli mara mbili?"

"Nauli ya karata silipi tena. Nimelipa vya kutosha. Humu ndani nina pakiti nyingi sijazifungua."

"Si ulisema chumvi inazigandisha?"

"Ile ya kwanza iliganda kweli. Hizi nyingine nilikuwa nanunua simu yako."

Siti akajiziba mdomo kwa mkono wa kushoto, wenye hina.

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa najikusanya niseme. Ukaniita ndugu mteja. Nikasema, kumbe kipimo changu ndicho hicho."

"Aliandika mdogo wangu, Warda."

"Ukamwacha aandike."

Basi likapiga honi, watu wakapita na mizigo yao. Siti hakutafuta pa kukimbilia.

"Nilimwacha. Unisamehe."

"Nimeshasamehe, ndiyo maana mzigo uko kwako. Bi Siti, nimechoka kuhama kiti. Nataka mtu akae upande wa pili, aniibie kweli. Nakuja kuchukua karata zangu."

"Hapa hazichukuliwi."

Siti akasikia pumzi ya mtu aliyeumia, akaharakisha.

"Mzigo wa namna hii haufuatwi stendi. Kesho nautuma Mitwero, kwa kaka yetu Tawakali. Uufuate kwake, na uende na wazee wawili. Akikupa, umepewa."

Suleiman akacheka taratibu, kicheko kilichokaa ghalani muda mrefu.

"Na nauli mpaka Mitwero?"

"Juu ya mnunuzi."

Tawakali aliutoa mzigo. Mkesha wa kuamkia nikaha Warda akaja na hina, akaukamata mkono wa kulia wa dada yake, ule uliokaa mweupe miaka yote, akaanza kuchora huku kauma ulimi.

"Warda, haya ni maua au mihogo?"

"Tulia. Anayekuja hafuati maua, Dada. Anafuata mkono."